Mwanangu wanamwita "dili", kituoni wakasema nirudi akishadhuriwa

SWALI: Shikamoo shangazi. Mie nakaa Makorora hapahapa Tanga, nina mtoto wa kiume miaka 12 ana ualbino. Njia ya kwenda chuoni, madrasa, kuna kijiwe cha bodaboda, wale vijana toka zamani wanamwita zeruzeru nikanyamaza, lakini tokea mfungo uliopita wamebadili wanamwita "dili", mmoja kasema kabisa "hela inatembea hiyo". Wiki mbili nyuma ikaja pikipiki wamepakizana wawili, sio wa kijiwe kile, wakawauliza watoto wa jirani yule mweupe anatoka chuoni saa ngapi. Nikakimbilia kituoni, askari akaniuliza kapigwa? nikasema hapana, akasema mama hapo hakuna kesi, akidhuriwa ndo uje. Majirani nao wananambia nisikuze mambo, Tanga watu wa utani. Mtoto saivi kofia hataki kuvaa, anasema wanamjua nayo toka mbali, masikio yameungua mpaka yanatoka magamba. Nifanyeje? Mama wa Makorora.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu na hayo masikio ndo yamenikaa rohoni, mana mtoto anaona bora jua limuunguze kuliko aonekane.

Kwanza hili la utani tulimalize. Sie utani tumezaliwa nao, mtani wako unamjua kabila lake, anakuchokoza na wewe unamchokoza, na siku ya msiba ndo huyohuyo anakuja kufanya vituko mpaka wafiwa wacheke na machozi yao, alafu anashika jembe anachimba kaburi. Hao vijana mwanao akiwarudishia neno watacheka? Hawacheki. Basi huo sio utani. Na "dili" maana yake kila mtu nchi hii anaijua, imetoka kwenye yale mauaji ya kule kanda ya ziwa, watu kukatwa viungo vikapelekwa kwa waganga, mpaka Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Na hayajaisha, Mei 2024 tu hapo kule Muleba, Kagera, mtoto wa miaka miwili kaporwa nyumbani kwao usiku, mwili wake umekuja kupatikana Juni viungo vimeshakatwa. Kwahiyo anayekwambia usikuze mambo mwambie haya ni makubwa tayari.

Sasa huyo askari. Kakosea, na kosa lake kubwa ni kukuacha uondoke bila kuandika chochote. Kazi ya polisi ni kuzuia uhalifu pia, sio kusubiri damu. Lakini nikwambie kitu, kwenye sheria zetu hutakuta kosa linaloitwa "chuki" peke yake, utakuta kutishia, utakuta lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani, hiyo ipo Kanuni ya Adhabu kifungu cha 89, utakuta shambulio. Ndo mana ukifika kaunta ukaanza na "wanamtania mwanangu" umeshapoteza. Anza na ile pikipiki. Sema hivi: nimekuja kutoa taarifa, mtoto wangu ana ualbino, watu wawili nisiowajua wameulizia saa anazotoka chuoni, na kabla ya hapo ameitwa dili hadharani. Hilo la saa ndo zito kuliko yote, mana mtu anayeuliza ratiba ya mtoto ana mpango.

Kabla hujarudi nunua daftari dogo. Andika leo usingoje kesho, kumbukumbu inachuja. Siku, saa, mahali, nani alikuwepo, na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa. Usiandike "walimtukana", andika "hela inatembea hiyo", kasema kijana wa reflekta ya kijani mbele ya duka fulani, hivo ulivyoona. Pikipiki rangi gani, na kama kuna mtu kaishika namba hata nusu, ile MC na tarakimu mbili tatu, iandike. Wale watoto wa jirani muulize mama yao kwanza, wasikilizwe mara moja wasimulie wenyewe, usiwatilie maneno mdomoni kwamba walikuwa na panga au nini, mana siku ya kuulizwa na polisi watababaika na ushahidi wote utaonekana wa kupikwa.

Pitia kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, waeleze, waombe barua au mmoja akusindikize, mtu akifika kituoni na kiongozi wake hajibiwi kirahisi. Kwa kuwa ni mtoto uliza dawati la jinsia na watoto, pale unaongelea chumbani, sio kaunta watu wamejipanga nyuma yako. Usitoke bila namba ya RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na RB hailipiwi. Wakikuzungusha tena omba kuonana na OCS, mkuu wa kituo, akishindwa panda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, na ukiona ngazi zote zimekwama Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bure. Ustawi wa jamii pale halmashauri nao wape taarifa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mtu anayejua haki ya mtoto inavunjwa aseme kwa serikali ya mitaa ya eneo lake, kwahiyo na hao majirani wanaokutuliza inawahusu. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, ya bure. Pikipiki ikirudi usianze kuandika daftari, piga 112 na paza sauti mtaa utoke, ila msiwapige, wazuieni tu mpaka polisi wafike.

Kuhusu kijiwe mie nina maoni yangu. Wale huenda ni midomo tu, sijui, lakini wanakaa pale kutwa wanaona kila anayepita. Nenda na mwenyekiti wa mtaa kwa mwenyekiti wa kijiwe, mwambieni majina yameshaandikwa, na mwambieni pia kuna wageni wamekuja kumuulizia mtoto. Wenye akili watageuka walinzi.

Mtoto usimfungie ndani, chuoni aende, ila kwa sasa aende na kurudi na mtu mzima tena mbadilishe njia. Masikio mpeleke hospitali ya Bombo wayaangalie wiki hii hii, ngozi yake haina kinga na kuungua kuungua huko ndo mwanzo wa saratani. Alafu shuka naye sokoni Mgandini achague mwenyewe kofia nyingine ya ukingo mpana, rangi anayoitaka yeye. RB ukishaipata niandikie.