Mpe mtoto kiota kimoja kabla ya mbuga

Mama wa Ntinda, hapo Kampala, umeuliza utawatoaje watoto kwenye televisheni wapende miti na viumbe, ilhali nauli ya kwenda mbuga ya wanyama ya Murchison huna. Murchison isikuumize kichwa. Nimelea watatu hapa Jinja kwenye nyumba ya kupanga, na waliowabadilisha wangu ni minana, wale ndege wadogo wa manjano.

Mvua za Machi zilipoanza, walivamia mparachichi wa mwenye nyumba. Binti yangu alikuwa na miaka 6. Nikampa kigoda, nikamwambia anitazamie wanavyojenga. Siku ya tatu akanieleza mambo ambayo mimi mtu mzima sikuwahi kuyaona: dume huchana ukanda mwembamba wa jani bichi, huuzungusha kwenye kijiti mpaka ushike, kisha hufuma pete. Husimama ndani ya pete hiyo na kufuma chumba mbele yake, kadiri mdomo unavyofika. Akimaliza hung'ang'ania mlangoni kichwa chini, akipiga mbawa kumwita jike. Jike huingia, huvutavuta nyuzi, na asiporidhika huondoka. Kiota kisichopata mwenyewe kikianza kukauka, dume hukifumua aanze kingine. "Mama, amekataliwa tena!" Ndiyo ilikuwa habari ya jioni kwetu.

Kisha nikakosea. Vinyesi vilichafua nguo nilizoanika, nikachukua panga nikate lile tawi. Mtoto akasimama chini yake, hakulia wala hakuondoka. Nikahamisha kamba ya nguo. Baadaye watoto wa jirani walipokuja na manati, hakuniita. Aliwakalisha chini akawaonyesha yupi anajenga na yupi anaiba majani ya mwenzake. Mtoto humtetea kiumbe anayemjua tabia zake, na kumjua kunataka majuma, si safari ya siku moja.

Ukipata hata kona ya udongo, chomeka tawi la mutuba mvua zikianza. Halihitaji mbegu, huchipua lenyewe, ila lizungushie miiba, mbuzi wasilimalize. Mwambie mtoto ndio mti wa nguo za magome: fundi huubandua gome, huufunga kwa majani ya mgomba, nao huota gome jipya. Wangu alikuwa akiugusa kila asubuhi.

Ziwani nenda nao, lakini wasichezee maji ya ukingoni penye magugu na konokono, kichocho kipo. Wavae gambuti kwenye nyasi ndefu. Matope kwenye nguo yaache, hufuliwa.

Kituo cha wanyamapori cha Entebbe kipeleke mbele kidogo, watakapokuwa na maswali yao. Kilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima, na mtoto aliyekwisha kutazama kiota kimoja kwa makini huuliza mama wa yule mnyama yuko wapi.

Na usiseme Kampala hakuna kitu. Mna kalooli, wale korongo wakubwa wenye upara, juu ya miti ya barabarani na kwenye majalala. Wanao wakiuliza kwa nini ndege mkubwa vile anakula takataka, leta ndoo ya taka ya nyumbani, muimwage uani pamoja, mtenge kaveera, yaani mifuko ya plastiki, huku na maganda ya matooke kule.