Maswali Yenu: Banda Linanuka, na Kuku Amepoteza Mguu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nimejenga banda la kuku 8 nyuma ya nyumba, nikaziba kila upenyo baridi isiingie. Upande mmoja tu ndio wa wavu, na nyakati za usiku naufunika kwa turubai. Asubuhi nikifungua, harufu inanichoma macho. Juzi nimekuta kuku mmoja hana mguu, wavu ukiwa mzima. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Hiyo ni amonia, inatoka kwenye kinyesi kilicholowa. Ikikuchoma wewe uliyesimama mlangoni, fikiria anayeivuta usiku kucha! Kuku mkubwa ana manyoya, baridi kavu anaivumilia. Unyevunyevu ndio unaomuumiza. Acha uwazi chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, upepo upite juu ya vichwa vyao. Maranda yakilowa, toa, weka makavu.

Wavu wa matundu ya pembe sita humzuia kuku kutoka, haumzuii adui kuingiza mkono. Nami nilimpoteza tetea wangu mweusi hivyo hivyo. Manyoya yalikuwa yamenasa kwenye tundu linalopitisha vidole vyangu viwili. Sasa natumia wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, nao nimeufukia sentimita 30, maana wengine huchimba. Na fito za kulalia zisigusane na wavu kabisa. Ziwe juu kuliko viota, la sivyo watalala viotani na mayai yatachafuka. Viota viwili vinakutosha.