Orodha ya shule, na zimebaki siku nne
Dada, pole. Unauliza uanzie wapi na orodha hiyo: rimu mbili, kaunta buku sita, ufagio wa chelewa, sweta. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, jamani! Mwone kwanza mwalimu wa darasa, muulize kipi kinatakiwa siku ya kufungua. Rimu mara nyingi inasubiri. Madaftari chukua Kariakoo kwa dazeni, mgawane na jirani, na uwahi asubuhi. Kwenye sweta ndipo penye mtihani. Mwaka juzi nilinunua la bluu, kumbe shule inataka bluu iliyokoza, kurudisha, muuzaji akanionyesha kibao, “mali ikiuzwa hairudishwi.” Siku hizi nabeba sweta kuukuu la mtoto wa jirani, nalinganisha nje, juani. Viatu usinunue bila mtoto mwenyewe, na mwache atembee dukani.