Fungu la mikopo lipo, tunadai nini tena?

SWALI: Dada, mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake. Tulikwenda kuulizia bajeti yenye mtazamo wa kijinsia, diwani akatujibu: "Fungu la mikopo ya wanawake lipo. Mnataka nini tena?" Tukakosa la kusema. Tungemjibu nini?

JIBU: Mdogo wangu, mngemuuliza: na hela nyingine zote ni za nani? Mikopo ni kipande kidogo cha bajeti. Nyie mnaulizia kitabu kizima, barabara, maji, kilimo na afya: nani atanufaika, na nani atabebeshwa mzigo.

Mimi kasma (kifungu cha matumizi kwenye bajeti) inayoniuma kuliko zote ni ya afya. Serikali ikipunguza wauguzi na vitanda, kwenye hesabu inaonekana imebana matumizi, na watu wanapongezana. Lakini mgonjwa karudishwa nyumbani hajapona. Anayemgeuza kitandani, anayemwogesha, anayeamka usiku wa manane kumpa dawa ni mke, mama au binti. Biashara ya mama imesimama, binti hafiki shuleni. Gharama iko palepale, ila imetolewa hazina ikatwikwa mwanamke, na hakuna mkaguzi wa hesabu atakayeiona. Mwanauchumi Diane Elson amelieleza hili kwa miaka mingi, na bado wapanga bajeti wanafanya kana kwamba muda wa mwanamke ni wa bure.

Wala msikubali kuambiwa bajeti ya kijinsia ni mambo ya kigeni yaliyoletwa juzi. Australia ilianza mwaka 1984, Afrika Kusini ikafuata katikati ya miaka ya 1990, na Tanzania wanaharakati wa Mtandao wa Jinsia Tanzania (TGNP) wamelishughulikia tangu 1997. Uganda wamekwenda mbali zaidi: sheria ya fedha za umma ya 2015 inataka bajeti ipate cheti cha kuthibitisha kwamba imezingatia jinsia na usawa. Sheria ya namna hiyo naipenda, maana wizara haiombwi, inabanwa. Ufilipino nako kila taasisi ya serikali inatakiwa kutenga angalau asilimia 5 kwa ajili ya jinsia. Ni hatua, lakini wakosoaji wa huko wanalalamika kwamba ile 5 huishia kwenye semina, na 95 zilizobaki haziulizwi. Jibu la diwani wenu ni hilohilo.

Sasa rudini kwake na kasma moja tu, msibebe kitabu kizima. Tuseme imeandikwa "ukarabati wa visima". Visima vipi, na vilichaguliwa kwa kigezo gani? Wanaochota humo hutumia saa ngapi kwa siku? Kwenye kamati ya maji wanawake wana kura, au wanaitwa kusafisha tu? Halafu ulizeni fedha iliyoidhinishwa imetoka kiasi gani mpaka leo. Hapo msilegeze. Fedha inaweza kupitishwa kwa makofi kisha ikafika nusu, tena mwaka wa fedha unakaribia kwisha, fundi hana hata muda wa kuchimba.

Na hiyo mikopo yenyewe anayojivunia, mwombeni mchanganuo: wanawake wangapi waliomba, wangapi walipata, kila mmoja kiasi gani. Nendeni mapema, wakati rasimu bado iko mezani. Ikishapitishwa, mtajibiwa msubiri mwakani.