Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Hesabu za Nyota Zinazolipuka Hazilingani?

SWALI: Mhariri, ninafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Masasi, mkoani Mtwara. Wanafunzi wameniuliza kwa nini watafiti wanaokokotoa mlipuko wa nyota ya aina moja hupata majibu tofauti. Je, kompyuta zao ndizo dhaifu? — Mwalimu, Masasi

JIBU: Mwalimu, kompyuta zina sehemu yao ya lawama, lakini hata zingekuwa na nguvu isiyo na kikomo shaka ingebaki, kwa sababu hesabu hizo hutegemea kasi za mimenyuko ya nyuklia, yaani viini vya atomi huungana au kubadilika kwa haraka kiasi gani, na baadhi ya kasi hizo hazijapimwa vya kutosha.

Chukua nyota kubwa kama Betelgeuse, ile nyekundu mnayoiona huko jioni za Januari mawingu ya mvua yakiachana. Nyota ya namna hiyo ikishamaliza haidrojeni kitovuni, viini vitatu vya heliamu huungana kuwa kaboni, kisha kaboni hunasa heliamu nyingine ikawa oksijeni. Mmenyuko huu wa pili ndio wenye utata. Katika joto la nyuzi zinazokaribia milioni 200, viini hukutana kwa nishati ya takriban kiloelektrovolti 300 tu (kiloelektrovolti ni kipimo cha nishati ya chembe ndogo), na kwa kuwa vyote vina chaji chanya na husukumana, kunasana huwa nadra mno kiasi kwamba maabara haziwezi kupima tukio hilo moja kwa moja. Watafiti hupima kwenye nishati za juu zaidi, kisha hutumia nadharia kukadiria hali ya chini, na hapo hali mbili za nishati za kiini cha oksijeni, zilizo chini kidogo ya kizingiti cha mmenyuko (nishati ambayo kaboni na heliamu huanza kuungana kwayo), huvuruga makadirio. Ili kupunguza kelele za mionzi ya anga, yaani chembe zinazotoka angani na kuvuruga vipimo, baadhi ya vipimo vya mimenyuko ya nyota hufanyika katika maabara ya Gran Sasso, Italia, chini ya mwamba wa takriban mita 1,400.

Kasi ikiongezwa kidogo, kaboni inayobaki hupungua, hatua ya kuichoma hubadilika, na kitovu hufikia mporomoko kikiwa na umbo jingine. Hivyo nyota iliyotarajiwa kuacha nyota ya neutroni, yaani mabaki madogo yaliyosongamana mno, yaweza kuishia kuwa shimo jeusi. Titaniamu-44, aina ya titaniamu yenye mnururisho inayoundwa katika mlipuko, ambayo mionzi yake imeonekana katika Cassiopeia A, mabaki ya nyota iliyolipuka, nayo ina mimenyuko yake yenye shaka.

Kwa maoni yangu, jibu moja lisilo na mipaka ya shaka halistahili kuaminiwa. Watafiti makini hurudia hesabu mara nyingi, kila mara wakibadilisha kasi ndani ya mipaka iliyopimwa, na kuonyesha jinsi matokeo yanavyotawanyika. Kwa hiyo wanafunzi wako wakikuta majibu mawili yanayopingana, waulize kwanza kila kundi lilitumia jedwali gani la kasi za mimenyuko.