Maswali na Majibu: Trauti Anayeponyoka

SWALI: Mhariri, ninavua trauti wa koo jekundu kwa nzi bandia, yaani ndoano iliyopambwa ifanane na mdudu, katika Mto Snake, jimboni Wyoming, Marekani. Samaki hupanda nikamwona waziwazi, lakini nikivuta mshipi hutoka mtupu. Ninakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, unavuta mapema. Trauti huyu, anayetambulikana kwa michirizi miwili myekundu chini ya taya, hana papara: hupanda polepole, akafungua kinywa, akamfunika nzi, kisha akainamisha kichwa kurudi chini, na ni katika kuinama huko ndipo ndoano hushika. Usiinue ufito mpaka uone kichwa kimezama. Uangalie pia mkondo, kwani maji ya kasi yaliyo kati yako na samaki huuvuta mshipi, nzi akaburutwa na kuacha viwimbi ambavyo samaki mzoefu huvikwepa. Basi nzi anapotua tu, upindue mshipi kuelekea mto unakotoka. Rangi ya nzi isikusumbue mno.

Ukivuka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, sheria inataka ndoano isiyo na kijino, ile ncha ndogo ya nyuma inayoizuia kuchomoka, na trauti huyu lazima arudishwe majini. Mshike kwa mikono iliyolowa, maana mikono mikavu humbandua utelezi unaomkinga.