Injini Ikikataa Kuwaka Baada ya Kuifungua na Kuifunga Tena, Usikimbilie Kirinyaga Road

Corolla yangu, AE110 yenye injini ya 5A-FE, ilichoma gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi, sehemu ya juu ya injini, nikiwa kwenye foleni ya Mombasa Road. Ilivutwa hadi nyumbani Donholm, nikaifungua uani, hedi nikaipeleka Kariobangi Light Industries ikaskimiwa, yaani uso wake ukasawazishwa kwa mashine, kisha nikairudisha kwa mikono yangu. Nilipopiga stata mara ya kwanza ilizunguka, ikapiga mshindo kupitia inteki, njia ya kuingizia hewa, ikanyamaza.

Kesho yake nilipanda matatu hadi Kirinyaga Road, barabara ya maduka ya vipuri ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, nikarudi na plagi mpya, rota ya distributa na pampu ya petroli. Pesa ziliisha, gari halikuwaka. Jirani yangu, mzee aliyefanya umakanika miaka mingi, akanikuta nimeinamia boneti.

"Kijana, kabla hujaifungua, plagi zilikuwa zinachoma?"

"Ndiyo, mzee."

"Pampu ilikuwa inasukuma?"

"Ndiyo."

"Basi hazikuharibika zikiwa zimelala hapa uani. Angalia ulichokigusa wewe."

Tangu siku hiyo naifuata njia hiyo, na ndiyo ninayotaka uifuate. Kwangu kosa lilikuwa kwenye waya za plagi. Injini hii huchoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2, nami nilikuwa nimezipanga 1-2-3-4 kuizunguka kofia ya distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Cheche ilikuwa inafika kwenye silinda ambayo valvu zake bado zimefunguka, ndiyo maana ya ule mshindo. Nilibadilisha waya tatu, ikawaka.

Iliwaka, lakini ikawa inatetemeka, na ukiikanyaga haina nguvu. Hapo tulirudi kwenye belti ya taiming. Nilikuwa nimezipanga alama za puli ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) vizuri kabisa, kisha nikaachilia tenshena, puli inayovuta belti, na kufunika kila kitu bila kuangalia tena. Tenshena ilipovuta, belti ilisogea jino moja. Ukishaifunga belti, toa plagi zote, shika boliti ya puli ya krenki kwa spana, uizungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili kuelekea upande injini inakozungukia. Miwili, kwa sababu krenki huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja. Alama zikirudi mahali pake, funika. Ukihisi kitu kimegota, simama hapo hapo wala usitumie nguvu: katika injini nyingi hiyo ni valvu imekutana na pistoni, na stata ingeipinda.

Jambo ninaloliogopa zaidi ya yote ni boliti za hedi, kwa sababu kosa lake halijitokezi siku hiyo. Gari litawaka, litakupeleka hadi Thika na kurudi, kisha wiki ya tatu maji yaanze kupungua. Injini yangu ina boliti za urefu wa aina mbili, milimita 90 na milimita 108. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi, itafika chini kabla ya kuikandamiza hedi; mkononi utaisikia imekaza kumbe gasketi haijabanwa. Mimi sasa huchora hedi kwenye katoni, natoboa matundu, na kila boliti inakaa katika tundu lake tangu inapotoka. Kabla ya kuzirudisha, kausha matundu ya bloku kabisa. Oili au maji yakibaki chini hayana pa kwenda, na boliti ikiyasukuma inaweza kupasua bloku.

Kukaza huanzia katikati kwenda nje, kwa awamu: Nm 29 kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, halafu unaizungusha boliti nyuzi 90, yaani robo mzunguko, halafu nyuzi 90 nyingine. Injini yako inaweza kuwa na vipimo vyake, kwa hiyo tafuta kitabu chake. Kama huna toki renchi, azima. Mkono wa fundi mzoefu nauheshimu sana, lakini kwa hedi siuamini, hata uwe wangu.

Mengine ni mepesi. Stata ikizunguka kwa uvivu ilhali betri ni nzima, kuna waya wa athi haujarudishwa kwenye injini au bodi. Sailensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, ikipanda na kushuka, tafuta mpira mdogo wa vakyumu uliosahaulika nyuma ya inteki. Silikoni ya kuzibia paka uzi mwembamba tu. Inayofinyika ndani huishia kwenye chujio la pampu ya oili.

Kisha maji. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na sufuria ya maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikwa na kifuniko cha radieta, kwa hiyo kifuniko kilicholegea hapa kinaumiza haraka kuliko Mombasa. Ukijaza maji, injini ikiwa baridi, acha kifuniko wazi, weka hita kwenye moto, washa na usubiri hadi themostati, valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye radieta, ifunguke na mapovu yaishe. Hewa ikibaki kwenye hedi, geji ya joto inaweza kukudanganya. Funga, endesha mzunguko mfupi mtaani, uache gari lilale. Asubuhi, kabla ya kuliwasha, fungua tena uongeze palipopungua, na uvute kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, usiliwashe.